Chanjo ya ndigana kali: Kwa nini haiwezi kuuzwa shilingi 500?

TANGU Serikali ilipozindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo mkoani Simiyu, Juni 2025, mfugaji wa Ufipa ana haki ya kuuliza swali moja: mbona ndigana kali haimo?

Kampeni hiyo ilipangiwa shilingi bilioni 216 kwa miaka mitano. Kwa ng'ombe mmoja, mfugaji anachangia shilingi 500 tu, kwa mbuzi au kondoo shilingi 300, na kuku wa asili anachanjwa bure. Magonjwa yaliyolengwa ni homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka ya mbuzi na kondoo, pamoja na mdondo wa kuku. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini ugonjwa unaoua ndama wengi katika maeneo yenye kupe, yaani ndigana kali, umebaki nje ya orodha hiyo.

Si kwamba chanjo yake haijulikani. Ipo, na ilielezwa na watafiti wa hapa Afrika Mashariki tangu mwaka 1975. Wafugaji wa mikoa ya kaskazini wamekuwa wakiitumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Tatizo ni namna inavyotengenezwa, inavyosafirishwa na inavyogawanywa. Na ufumbuzi wa tatizo hilo unatafutwa mahali ambapo mfugaji wa Laela au Namanyere hajawahi kupafikiria: ndani ya vichupa vidogo vya protini ambazo mwili wa binadamu hutumia kuamsha askari wake wa kinga.

Makala haya yanaeleza uhusiano uliopo kati ya vichupa hivyo na zizi la mfugaji, na nini kinaweza kufanyika sasa bila kusubiri.

Hasara haiishii zizini

Kwa mkulima wa nyanda za juu za Ufipa, ng'ombe si maziwa na nyama peke yake. Ng'ombe ni jembe. Mahindi, maharage, ngano, ulezi na alizeti zinazotoka Sumbawanga, Nkasi na Kalambo hutegemea kwa kiasi kikubwa maksai wa kuvuta plau. Ndama dume akifa akiwa na miezi mitatu, hasara haihesabiwi kwa thamani yake ya siku hiyo. Inahesabiwa kwa ekari ambazo hazitalimwa miaka mitatu au minne baadaye, wakati ambapo angekuwa tayari kutiwa nira.

Ndigana kali ndiyo inayochagua ndama. Ng'ombe wakubwa wa asili waliokulia kwenye kupe mara nyingi wameshajenga kinga, kwa sababu waliugua wakapona. Ndama bado. Ng'ombe wa kisasa wa maziwa hawana kinga hiyo hata wakiwa wakubwa, na wakiambukizwa bila kutibiwa wengi wao hufa. Ndiyo sababu mkulima anayekopa ili anunue mtamba chotara hujikuta anadaiwa mkopo wa mnyama aliyekwisha kufukiwa.

Dalili zake zinajulikana. Mnyama anapata homa kali, mitoki inavimba chini ya masikio na mbele ya bega, anaacha kula, anapumua kwa shida, na mwisho povu linatoka puani kwa sababu mapafu yamejaa maji. Kutoka siku kupe alipomng'ata hadi kifo huwa ni wiki mbili hadi nne. Dawa ya kutibu ipo, lakini ni ghali na inafanya kazi vizuri pale tu inapotolewa mapema. Mfugaji anayesubiri mpaka aone povu amechelewa.

Ugonjwa wenye jina la pwani yetu

Duniani ugonjwa huu unajulikana kwa jina la homa ya pwani ya mashariki, na pwani inayotajwa ni hii yetu. Mwanasayansi wa Ujerumani, Robert Koch, aliviona vimelea vyake kwenye damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, ingawa wakati huo hakuvitambua kwa usahihi. Mwaka 1901 ng'ombe kutoka pwani ya Afrika Mashariki walipelekwa kwa meli hadi Beira, Msumbiji, na kutoka hapo wakaingizwa katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Walikwenda na ugonjwa, na maelfu ya ng'ombe wa kusini wakafa. Katika miaka ya 1920 ukabainika kaskazini mwa Zambia ya leo, jirani kabisa na mpaka wetu.

Historia hiyo ina funzo kwa mfanyabiashara wa minada. Ndigana kali husafiri na mnyama na kupe wake. Ng'ombe anayetoka bonde la Ziwa Rukwa kupanda juu Ufipa, au anayevushwa mpaka, anaweza kuwa mzima kwa macho huku akiwa amebeba vimelea. Kupe mwenye mgongo wa kahawia, ambaye hupenda kujificha sikioni, akimnyonya huyo na baadaye akamng'ata ndama wa mwenyeji, kazi imekwisha.

Chanjo inayotengenezwa na kupe

Chanjo iliyopo iliandaliwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, katika shirika la utafiti wa mifugo la Afrika Mashariki wakati wa Jumuiya ile ya zamani. Ni mchanganyiko wa aina tatu za vimelea hai, na moja kati ya hizo ilitokana na vimelea vya nyati wa Serengeti. Ndiyo maana wataalamu huiita mchanganyiko wa Muguga.

Utaratibu wake ni wa ajabu kidogo. Ndama anachomwa sindano mbili kwa wakati mmoja: moja ina vimelea hai wa ndigana kali wenyewe, nyingine ni dawa ya oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu. Vimelea vinaanza kumwambukiza, dawa inavizuia visizidi nguvu, na katika nafasi hiyo mwili unajifunza kupigana. Kwa maneno mengine, ndama anauguzwa na kutibiwa siku hiyo hiyo. Akishapata kinga, inadumu kwa miaka mingi.

Sasa angalia gharama. Vimelea hivi havioti kwenye chupa kama bakteria wa kawaida. Inabidi ng'ombe waambukizwe, kupe wawanyonye, kisha kupe hao walishwe kwenye masikio ya sungura, na mwishowe wasagwe ili vimelea vitolewe. Kwa maelezo ya watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, ya Nairobi, kundi moja la dozi milioni moja huchukua takriban miezi 18 kukamilika, na hutumia ng'ombe wasiopungua 130, sungura 500 na kupe zaidi ya 600,000. Baadaye kazi ya uzalishaji ilihamishiwa katika kituo cha magonjwa ya kupe kilichopo Lilongwe, Malawi.

Ikishapatikana, haihifadhiwi kwenye friji. Hukaa kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi ukikauka njiani, vimelea vinakufa na chanjo inakuwa maji matupu. Na ikishayeyushwa, dozi zote zilizomo kwenye mrija, ambazo kwa kawaida ni 40, lazima zitumike ndani ya saa chache.

Chanjo ya mdondo ya matone inaweza kubebwa kwenye kikapu chenye barafu kwa baiskeli. Hii haiwezi. Hapo ndipo shilingi 500 inapoanza kuonekana ndogo.

Hesabu ya mrija mmoja

Tufanye hesabu ya mfano, bila kudai kwamba ndiyo bei ya sokoni. Tuseme mrija mmoja, pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini, hereni za masikio, naitrojeni, usafiri kutoka mjini na posho ya mtaalamu, unagharimu shilingi 800,000 hadi kufika kijijini.

Wakijitokeza wafugaji wenye ndama 40, kila ndama ni shilingi 20,000. Wakijitokeza wenye ndama 20, gharama ni shilingi 40,000. Akijitokeza mmoja mwenye ndama wanane, atalipa shilingi 100,000 kwa kila ndama, na dozi 32 zitamwagwa.

Kwa hiyo bei ya chanjo hii haipangwi na muuzaji peke yake. Inapangwa na idadi ya majirani. Mfugaji wa kaskazini mwenye boma la ng'ombe mia mbili anajaza mrija peke yake. Mkulima wa Ufipa mwenye ng'ombe watano na ndama wawili hawezi, mpaka ajiunge na wenzake. Hili ndilo jambo ambalo kila mtu anayepanga mradi wa chanjo katika mkoa wa Rukwa anapaswa kuanza nalo.

Barua ndogo za mwili

Kwa nini basi wanasayansi wasitengeneze chanjo nyepesi, ya unga au ya kimiminika, inayokaa kwenye friji? Wamejaribu kwa zaidi ya miaka thelathini. Ili kuelewa ugumu wake ni lazima tuangalie mwili unavyopigana.

Kinga ya mwili ni kama jeshi la mgambo wa kijiji. Kuna walinzi wa doria, kuna wapiga filimbi, na kuna askari wa kuua. Hawapigani hovyo. Wanapeana taarifa. Taarifa hizo ni protini ndogo sana ambazo seli moja huitoa na nyingine huipokea. Wataalamu huziita sitokini. Moja inasema "adui ameingia", nyingine inasema "ongezekeni", nyingine inasema "acheni sasa, vita vimekwisha".

Mojawapo, intaferoni, iligunduliwa London mwaka 1957. Nyingine, ambayo leo inaitwa intalukini-2, iligunduliwa Marekani mwaka 1976. Kazi yake kubwa ni kuziamuru seli za kinga ziongezeke. Bila hiyo, askari wa kinga aliyetolewa mwilini na kuwekwa kwenye chupa ya maabara hufa baada ya muda mfupi. Akipewa, anaishi na kuzaliana.

Mwanzoni protini hizi zilikamuliwa kutoka kwenye damu ya watu, kiasi kidogo mno kwa gharama kubwa mno. Mabadiliko yalikuja pale wataalamu walipojifunza kuchukua jeni ya binadamu inayobeba maelekezo ya protini fulani na kuipandikiza ndani ya bakteria. Bakteria huyo, akizaliana kwenye pipa kama chachu ya pombe, anaitoa protini ya binadamu kana kwamba ni yake. Ndivyo insulini ya wagonjwa wa kisukari ilivyoanza kuidhinishwa mwaka 1982. Jeni ya intalukini-2 ilipatikana na watafiti wa Japani mwaka 1983, na tangu hapo protini hiyo imekuwa ikitengenezwa viwandani, kwa ajili ya tiba na kwa ajili ya maabara za utafiti.

Protini ya mtu, ng'ombe wa Nairobi

Hapa ndipo inapoingia ndigana kali. Kimelea cha ugonjwa huu kina hila ambayo vimelea vichache vinayo. Hakiziui seli nyeupe za damu kinapoziingia. Kinaziteka. Kinaifanya seli iamini kwamba imepewa amri ya kuongezeka, ikagawanyika bila kikomo mithili ya saratani, na kila inapogawanyika kimelea nacho kinagawanyika pamoja nayo. Mitoki inayovimba chini ya sikio la ndama ni seli zake mwenyewe zilizotekwa, zinazotii amri ya adui.

Kwa kuwa kimelea kimejificha ndani ya seli, kingamwili zinazoelea kwenye damu hazikifikii. Kinachookoa mnyama ni aina ya askari wanaotambua seli iliyotekwa na kuiua. Ushahidi mzito ulipatikana Nairobi mwaka 1994, katika jaribio la ndama mapacha: askari hao walitolewa kwa pacha mwenye kinga wakapewa pacha ambaye hakuwa nayo, na kinga ikahama pamoja nao. Profesa Peter Doherty, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1996 pamoja na Rolf Zinkernagel kwa kueleza namna askari hao wanavyomtambua adui, ni daktari wa mifugo kwa taaluma, na aliwahi kuwa mjumbe wa bodi ya ILRAD, taasisi iliyotangulia ILRI.

Basi ili kujua chanjo mpya iweke nini ndani, watafiti walihitaji kuwauliza askari hao: ni kipande gani cha kimelea mnachokitambua? Walichukua askari kutoka kwa ng'ombe waliochanjwa kwa vimelea hai, wakawafuga kwenye vyombo vya maabara na kuwaonyesha vipande mbalimbali, kimoja baada ya kingine. Chakula cha kuwaweka hai askari hao kilikuwa intalukini-2 ya binadamu iliyotengenezwa kwenye bakteria. Protini ya mtu na ya ng'ombe zinafanana kiasi kwamba seli ya ng'ombe inaisoma barua ya binadamu na kuitii. Na ili kujua kama askari ametambua kipande, walipima kama ametoa intaferoni.

Kazi hiyo, iliyosaidiwa na kusomwa kwa jeni zote za kimelea mwaka 2005, ilizaa matokeo yaliyotangazwa mwaka 2006: vipande vitano vya kimelea ambavyo askari wa ng'ombe wanavitambua. Bila vichupa vile vya protini, askari wangekufa kabla hawajajibu swali.

Kwa nini bado tunasubiri

Msomaji atauliza: kama vipande vinajulikana, chanjo iko wapi?

Jibu ni kwamba kujua sura ya mwizi si sawa na kumkamata. Vipande hivyo vilipotolewa kwa ng'ombe kama chanjo, wengi waliamsha askari, lakini waliokingwa walikuwa sehemu tu. Protini nyingine, inayoitwa p67, ambayo iko kwenye ngozi ya kimelea kabla hakijaingia kwenye seli, nayo ilitengenezwa ndani ya bakteria tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Maabarani ilionekana kukinga takriban ng'ombe saba kati ya kumi. Ilipopelekwa Kenya kwenye malisho yenye kupe halisi, ilipunguza ugonjwa mkali kwa takriban nusu.

Nusu si haba, lakini mfugaji aliyelipia chanjo kisha bado akapoteza ndama hatarudi mwaka unaofuata. Mwaka 2014 ILRI na washirika wake walianza mradi mpya wa dola milioni 11, ukigharamiwa kwa sehemu kubwa na Mfuko wa Bill na Melinda Gates, ili kuunganisha njia zote mbili: protini ya kumzuia kimelea mlangoni, na vipande vya kuamsha askari wa kuua. Utafiti huo umeongeza maarifa, lakini hadi leo hakuna chanjo ya aina hiyo kwenye duka la dawa za mifugo.

Kuna sababu nyingine ambayo mfanyabiashara ataielewa haraka kuliko mwanasayansi. Kitu hutengenezwa kwa wingi pale penye mnunuzi. Protini za kinga za binadamu zina soko kubwa la hospitali na viwanda vya dawa, kwa hiyo maabara inaweza kuziagiza wakati wowote, ingawa kichupa chenye chembe ndogo kuliko punje ya chumvi kinaweza kuuzwa kwa dola mia moja na zaidi. Protini za ng'ombe zina wanunuzi wachache. Ndiyo maana mtafiti wa ng'ombe mara nyingi huazima ya mtu.

Hata pale ambapo protini ya kinga ya ng'ombe imefika sokoni, ilimlenga mfugaji tajiri. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha sindano ya protini ya namna hiyo kwa ng'ombe wa maziwa wanaokaribia kuzaa, ili kupunguza ugonjwa wa kiwele. Iliandaliwa kwa ng'ombe wa mashamba makubwa ya maziwa. Ndigana kali ni ugonjwa wa nchi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika, na wengi wa wagonjwa wake ni ndama wa wafugaji wadogo. Soko lenyewe halitaleta chanjo hiyo. Lazima kuwe na fedha za umma.

Funzo la Kemron

Kwa kuwa habari hizi za protini za kinga zinavutia, ni lazima pia tutoe tahadhari. Afrika Mashariki tumeshawahi kuungua.

Daktari wa mifugo wa Texas, Marekani, Joseph Cummins, alikuwa akiwapa ng'ombe intaferoni ya binadamu kwa kiasi kidogo mdomoni, akiamini inasaidia dhidi ya magonjwa ya mapafu. Wazo hilo lilihamia kwa binadamu. Mwaka 1990, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, ilitangaza kwamba vidonge vya intaferoni kwa kiasi kidogo viliwapa nafuu kubwa wagonjwa wa Ukimwi, na Rais Daniel arap Moi akaizindua dawa hiyo kwa jina la Kemron. Watu walisafiri kutoka mbali kuitafuta. Lakini majaribio ya wengine hayakuona nafuu hiyo. Jaribio kubwa la Uganda, lililohusisha zaidi ya wagonjwa 500 na kuchapishwa mwaka 1998, lilionyesha kuwa waliopewa intaferoni hawakuwa na nafuu kuliko waliopewa kidonge kitupu.

Intaferoni yenyewe haikuwa uongo. Ni protini ya kweli yenye kazi ya kweli. Kosa lilikuwa kuruka kutoka maabara hadi sokoni kabla ya jaribio linalolinganisha waliopewa na wasiopewa. Kwa hiyo mfugaji akiletewa kesho mnadani chupa ya "dawa ya kuongeza kinga ya ng'ombe", na muuzaji akataja majina makubwa ya kitaalamu, aulize mambo matatu: imesajiliwa na mamlaka ya dawa, TMDA? Inazuia ugonjwa gani kwa jina? Ilijaribiwa wapi, kwa ng'ombe wangapi, na waliokosa walikuwaje? Asiyekuwa na majibu abaki na chupa yake.

Nini kifanyike sasa

Wakati maabara zikiendelea, mfugaji wa Ufipa ana mambo manne mikononi mwake.

Kwanza, kuogesha. Josho linalotumika kwa ratiba na kwa kipimo sahihi cha dawa bado ndilo ukuta wa kwanza. Dawa iliyozimuliwa kupita kiasi ili ienee haiokoi fedha. Inawafundisha kupe kuizoea. Na masikio yasisahauliwe, maana ndiko kupe wa ndigana kali anakokaa.

Pili, kuunda vikundi vya chanjo. Kijiji au kata inaweza kuorodhesha ndama wake, kukubaliana tarehe moja na kuchangia kabla, ili mtaalamu akifika na mrija wa dozi 40 akute ndama 40. Vyama vya ushirika vya mazao na vikundi vya kuweka na kukopa vinaweza kuifanya kazi hiyo baada ya mavuno, wakati mkulima ana fedha za mahindi mkononi.

Tatu, kutumia mitungi iliyopo. Mbegu za uhimilishaji kutoka kituo cha taifa cha Usa River, Arusha, husafiri kwenye naitrojeni ile ile. Njia inayoleta mbegu ya ng'ombe wa maziwa inaweza pia kuleta chanjo ya kumlinda ndama atakayezaliwa. Ni jambo la halmashauri na ofisi za mifugo kulipanga kwa pamoja badala ya kila mmoja kukodi gari lake.

Nne, kufuata masharti. Chanjo hii si ya kuchomwa na yeyote. Ndama awe mzima, na uzito wake ukadiriwe vizuri kwa sababu kipimo cha oksitetrasaiklini kinategemea uzito. Dawa ikipungua, chanjo yenyewe inaweza kumuua. Wachanjwe kwa pamoja, kwa sababu aliyechanjwa anaweza kubaki na vimelea vichache ambavyo kupe atavihamishia kwa asiyechanjwa. Wanaochunga karibu na nyati, kama wa upande wa Katavi, waelewe kwamba vimelea vya nyati vina sura nyingi na wakati mwingine hupenya kinga ya chanjo. Na kuogesha kuendelee, hata kama ni kwa nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa chanjo hii haizuii ndigana baridi, ugonjwa wa kukojoa damu wala maji moyo.

Kuna faida ya soko pia. Huko kaskazini ndama aliyechanjwa huvishwa hereni, na wanunuzi hulipa zaidi kwa mnyama mwenye hereni hiyo, kwa sababu wanajua hatawafia. Minada ya Rukwa ikizoea alama hiyo, gharama ya chanjo inaweza kurudi kwa bei ya mnyama.

Kwa upande wa Serikali, kampeni ya shilingi bilioni 216 imeonyesha kwamba ruzuku ya chanjo inawezekana. Hatua inayofuata ni kujiuliza kama mikoa yenye kupe wengi haistahili ruzuku ya namna yake kwa ndigana kali: si lazima ya chanjo yenyewe, bali ya naitrojeni, usafiri na mafunzo ya wachanjaji, ambavyo ndivyo vinavyopandisha bei ikifika kijijini. Shilingi iliyowekwa kwenye mtungi mmoja pale Sumbawanga mjini inaweza kushusha gharama ya kila ndama kuanzia Matai hadi Mtowisa.

Chanjo ya friji huenda ikaja, na ikija itakuwa imepitia kwenye vile vichupa vya protini. Mpaka hapo, ndama aliyezaliwa mwezi huu hawezi kusubiri maabara. Kupe yuko sikioni mwake leo, na majirani 39 wenye ndama kama yeye wako umbali wa kutembea kwa miguu.